Chatu ndani ya ndoo: jibu kwa kijana anayetaka kufuga nyoka

Safu hii imezoea maswali ya kuhara, minyoo, vyoo na maji ya kunywa. Swali la safari hii ni la namna nyingine. Nilipolisoma mara ya kwanza nilicheka, nilipolirudia mara ya pili kicheko kikaisha.

Muulizaji ni kijana wa mwambao wa Ziwa Nyasa, upande wa Mbamba Bay, ambaye kwa sasa anafanya kazi Mbinga mjini na anaishi kwa dada yake. Anasema ameona katika simu picha za kijana mwenzake wa Ulaya anayefuga nyoka aitwaye bowa wa upinde wa mvua, akavutiwa mno. Aliporudi nyumbani kwa mapumziko, wavuvi walimkuta nyoka mdogo, mnene, mwenye madoa, ndani ya matete ya ufukweni. Walitaka kumwua, yeye akawaomba wampe. Wakamwambia ni mtoto wa chatu, hana sumu. Akamtia ndani ya ndoo ya rangi yenye mfuniko uliotobolewa, akapanda naye gari hadi Mbinga. Huu ni mwezi wa Julai, ni wiki ya tatu sasa. Nyoka alipewa panya mara moja, akamtapika baada ya siku nne, tangu hapo hataki kula. Anauliza afanye nini ili apone. Mwisho wa ujumbe, kama jambo la kupita tu, anaongeza kuwa dada yake ana wasiwasi kwa sababu nyumbani kuna mtoto wa miaka miwili ambaye ametoka kuugua malaria.

Mdogo wangu, dada yako ana haki ya kuwa na wasiwasi, ingawa huenda anachokiogopa yeye si kile cha kuogopwa zaidi. Nitakujibu kwa urefu, kwani najua hauko peke yako.

Una hakika ni chatu?

Hili ndilo swali la kwanza, na sitaki ulijibu kwa kumshika. Mwambao wa Nyasa una chatu, ndiyo, tena ni wa aina ile ya kusini mwa Afrika. Lakini mkoa huohuo wa Ruvuma una kifutu, ambaye wengine humwita moma au bafe, naye ni mnene, ana madoa, na hupenda kutulia kimya mahali pamoja kama gogo. Mtu asiye na uzoefu akimwona mtoto wa chatu na mtoto wa kifutu kila mmoja kwa wakati wake, ni rahisi sana kuwachanganya. Tofauti ni kwamba mtoto wa kifutu anazaliwa akiwa na sumu yake kamili.

Chatu ana magamba laini yanayong'aa, na katika midomo yake kuna vishimo vidogo ambavyo humsaidia kuhisi joto la mnyama gizani. Kichwani juu ana alama nyeusi kama ncha ya mkuki. Kifutu magamba yake ni makavu na ya kukwaruza, kila gamba lina mstari ulioinuka katikati, kichwa ni kipana kuliko shingo, mkia mfupi, na mgongoni kuna alama za herufi V zilizopangana kutoka shingoni kwenda mkiani. Usije ukategemea alama ya kichwani peke yake. Kuna jamii nyingine ya nyoka wadogo wenye sumu, wanaokula vyura, nao wana alama ya V kichwani inayofanana kabisa na mkuki. Wavuvi ni watu wanaojua ziwa lao, lakini neno "hana sumu" lisikutoshe. Mpige picha kutoka juu ukiwa umesimama mbali, bila kuingiza mkono ndani ya ndoo, kisha umwonyeshe afisa wanyamapori wa wilaya.

Nikupe mfano wa mtu aliyewajua nyoka kweli. Enzi za Tanganyika kulikuwa na bwana mmoja, C. J. P. Ionides, aliyezaliwa mwaka 1901 na kufariki mwaka 1968. Alikuwa ofisa wa wanyamapori huko Liwale, baadaye akahangaika na nyoka hadi Newala, akikamata koboko wa kijani na moma kwa mamia kwa ajili ya makumbusho na bustani za wanyama. Alitumia fimbo na koleo maalumu, na alikuwa na miaka mingi ya kazi hiyo. Pamoja na hayo yote aliumwa zaidi ya mara moja. Wewe una ndoo ya rangi na wiki tatu.

Bowa wa picha na chatu wa matete

Sasa tuje kwa yule nyoka uliyemwona katika simu. Bowa wa upinde wa mvua ni nyoka wa misitu ya Amerika ya Kusini, hasa bonde la mto Amazon. Anaitwa hivyo kwa sababu juu ya magamba yake kuna mistari midogo mno isiyoonekana kwa macho, ambayo huutawanya mwanga ukatoa rangi nyingi, mithili ya mafuta yaliyomwagika juu ya maji. Hana sumu. Akikua hufikia kama mita moja na nusu hadi mbili, hivyo mtu mmoja mwenye nguvu anaweza kummudu.

Kinachokosekana katika ile picha ni gharama. Bowa huyo anataka unyevu mwingi wa hewa, asilimia 80 hivi, na akiwa mdogo zaidi ya hapo. Hewa ikikauka, mtoto wa bowa hukauka naye na kufa haraka. Anataka upande mmoja wa sanduku uwe na nyuzijoto 28 hadi 30 na upande wa pili uwe wa baridi kidogo, achague mwenyewe pa kukaa. Joto likizidi nyuzi 32 linaweza kumwua. Kwa hiyo yule kijana wa Ulaya ana kipimajoto, kipima unyevu, mkeka wa umeme wenye kifaa cha kuukata umeme joto likizidi, na daktari wa mifugo anayejua nyoka. Panya anawanunua dukani wakiwa wamegandishwa. Hata hivyo wenye uzoefu huko kwao wanawashauri wanaoanza wasianze na bowa huyo. Wengi huelekezwa kwa nyoka wavumilivu zaidi, mmojawapo akiwa bowa mdogo wa mchangani ambaye asili yake ni huku kwetu Afrika Mashariki, maarufu zaidi Kenya. Ajabu ya mambo: nyoka wetu anafugwa kwao, na sisi tunatamani wa Amazon.

Chatu uliye naye ni jambo jingine. Anatoka katika yai akiwa na urefu wa karibu nusu mita, anapendeza, anatosha katika ndoo. Akipata chakula vizuri, baada ya miaka michache anapita mita tatu, na wapo wanaofika tano. Nyoka wa ukubwa huo hafugwi chumbani wala hashikwi na mtu mmoja. Hana sumu, lakini ana meno mengi makali yaliyopinda kuelekea ndani, na anaua kwa kubana. Waliowahi kutazama ngoma ya nyoka ya Wasukuma, ambayo historia yake imehifadhiwa katika makumbusho ya Bujora karibu na Mwanza, wameona chatu mkubwa akivishwa shingoni kama kanga. Wasichokiona ni kwamba wale wachezaji ni watu wa vyama vya wanaojua nyoka, elimu inayorithishwa kwa miaka mingi. Hawakuanza kwa kutazama picha.

Baridi ya Umatengo

Kwa nini alitapika? Hapa, kijana, jibu liko katika barabara uliyopita. Ziwa Nyasa liko chini, chini ya mita 500 kutoka usawa wa bahari, na ufukwe wake una joto. Ukipanda hadi Mbinga unaingia milimani, nchi ya kahawa na ya mashimo ya ngoro. Mwezi wa Juni na Julai watu wa Mbinga wanalala na mablanketi mawili, usiku joto likishuka chini ya nyuzi 15. Umemtoa mnyama wa jua ukamweka katika ndoo ya plastiki juu ya sakafu ya saruji.

Nyoka hana moto wake wa ndani kama sisi. Joto la mwili wake linatoka nje, na kazi ya tumbo lake inategemea joto hilo. Chatu wa kusini mwa Afrika anahitaji mahali pa kuotea pa nyuzi 30 hadi 32. Wataalamu waliomfuatilia mama wa chatu huyu Afrika Kusini waliona kwamba wakati wa kulalia mayai huota jua mpaka mwili wake unakaribia nyuzi 40, halafu anarudi shimoni kuyapa mayai joto hilo, na watoto wakianguliwa anakaa nao kiasi cha wiki mbili. Hivyo ndivyo joto lilivyo uhai kwake. Katika baridi, panya aliyemezwa hasagiki. Anaoza tumboni, na nyoka akibahatika humtapika. Wako amebahatika mara moja. Usimpe chakula kingine akiwa katika baridi hiyo, hata ukimwonea huruma. Chatu anaweza kukaa wiki nyingi bila kula, lakini maji safi ya kunywa hayakosekani.

Naomba hapa nisimame kidogo, maana nimeona katika ujumbe wako sentensi moja iliyonitisha kuliko nyoka mwenyewe. Unasema unafikiria kuweka jiko la mkaa chumbani usiku ili apate joto. USIFANYE HIVYO. Mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichofungwa unatoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina harufu wala rangi. Mtu hulala, kichwa kikamuuma kidogo usingizini, na asubuhi haamki. Watu wanapoteza maisha kwa njia hii kila msimu wa baridi katika nyanda za juu, wengine familia nzima, kwa sababu tu ya kutaka kuota moto. Wala usitundike balbu ya vifaranga ndani ya ndoo na kuifunika kwa nguo. Nyoka hajui kukimbia kinachomuunguza taratibu, ataungua tumbo, na nguo inaweza kushika moto nyumba ikiwa imelala. Kama ni lazima kumpa joto kwa siku moja au mbili hizi, jaza maji ya moto katika chupa, ifunge vizuri, izungushie taulo, uiweke nje ya ndoo upande mmoja, ubadilishe yanapopoa.

Vijidudu visivyoonekana

Tumefika katika wasiwasi wa dada. Yeye bila shaka anaogopa nyoka asitoke usiku akamuuma mtoto. Ni hofu ya haki, lakini mtoto huyo anaweza kudhurika na nyoka ambaye hajawahi kutoka kabisa ndani ya ndoo.

Nyoka, kenge, mijusi na kasa hubeba katika utumbo wao bakteria waitwao salmonela. Mnyama mwenyewe haumwi. Anang'aa, ana afya, huku vijidudu vikitoka katika kinyesi chake siku hii na siku nyingine visitoke. Ndiyo maana hata kinyesi kikipimwa mara moja na kuonekana safi, hilo si ushahidi kwamba nyoka ni safi. Kinyesi hugusa magamba, magamba hugusa mkono, mkono hugusa kitasa, kikombe, mkate, shavu la mtoto. Vijidudu hivi vinaweza kukaa wiki kadhaa juu ya kitu kilichokauka. Ulaya na Marekani yameandikwa matukio mengi ya watoto wachanga walioambukizwa ilhali hawakumgusa mnyama hata mara moja: mzazi alimshika nyoka, kisha akamshika mtoto. Mwaka 1975 Marekani ilifikia hatua ya kupiga marufuku uuzaji wa kasa wadogo wasiozidi sentimita kumi, kwa kuwa watoto walikuwa wakiwaweka mdomoni na kuugua kwa wingi.

Vitabu vya wafugaji wa huko vinaeleza kuwa salmonela huleta kuhara, homa na maumivu ya tumbo kwa siku chache, kisha mtu anapona. Kwa mtu mzima mwenye afya ni kweli. Lakini vitabu hivyo havikuandikwa kwa ajili ya nyumba ya Mbinga wala ya Mbamba Bay. Ng'ambo ya ziwa hilohilo, katika Hospitali ya Queen Elizabeth mjini Blantyre, Malawi, madaktari wamekuwa wakichunguza kwa miaka mingi watoto walioletwa na homa kali, na wamekuta salmonela za jamii isiyo ya taifodi ndani ya damu yao. Waliokumbwa zaidi ni watoto wadogo wenye malaria au waliotoka kuugua malaria, wenye upungufu wa damu, wenye utapiamlo, na wenye virusi vya Ukimwi. Kijidudu ambacho kwa mtoto wa Ulaya kingeishia tumboni, kwa hawa kinavuka utumbo na kuingia katika damu. Hapo mara nyingi hata kuhara hakupo. Inaonekana homa tu, na wazazi wanadhani malaria imerudi. Wapo kati ya watoto hao wanaokufa hata wakifika hospitali.

Sisemi kwamba watoto wa Blantyre waliambukizwa na nyoka. La, vijidudu hivyo vina njia nyingine nyingi, na inaaminika aina zilizoenea huko hutoka zaidi kwa binadamu kwenda kwa binadamu. Ninachosema ni kwamba mtoto wa dada yako, wa miaka miwili, aliyetoka kuugua malaria, ndiye hasa yule ambaye mwili wake hauna ngome kwa sasa. Kama kungekuwa na mtoto mwenye selimundu ningesema hivyohivyo, maana salmonela hupenda kuingia katika mifupa ya wagonjwa hao. Ushauri unaotolewa na wataalamu wa afya duniani ni kwamba nyumba yenye mtoto wa chini ya miaka mitano, mzee sana, au mtu mwenye kinga dhaifu, isiwe na nyoka wala mjusi wa kufugwa. Mimi naufuata ushauri huo neno kwa neno.

Mtoto akipata homa wakati huu, msinunue dawa ya malaria dukani mkasubiri. Mpelekeni kituo cha afya, apimwe, na mseme waziwazi kwamba nyumbani kuna nyoka. Msione haya. Taarifa hiyo inaweza kumfanya daktari achague dawa iliyo sahihi.

Kwa siku atakazobaki hapo, zingatieni haya. Ndoo itoke ndani ikae mahali penye mlango unaofungika, mbali na jiko na mbali na anapochezea mtoto, mfuniko ukiwa umebanwa kwa kamba na kitu kizito juu. Mtu mmoja tu, yaani wewe, ndiye umhudumie. Kila ukimaliza, na hata kabla ya kuanza, nawa kwa sabuni na maji yanayotiririka, ukisugua mpaka kwenye kucha. Na hapa niseme na sisi wenyewe: usidhani kwamba kwa kuwa unakwenda kutawadha basi mikono itatakasika na vijidudu. Udhu ni ibada na una fadhila zake, lakini maji matupu hayatoi mafuta na uchafu ulioshika vijidudu. Tanguliza sabuni, kisha utawadhe. Kinyesi kifukiwe au kitupwe chooni. Usiisuze ndoo kwenye beseni la vyombo, wala usiipeleke mtoni au ziwani watu wanapochota maji. Isafishwe kwanza kwa sabuni, kisha sehemu moja ya dawa ya klorini ya kufulia kwa sehemu tisa za maji, iachwe dakika kumi, isuzwe.

Na ndoo hiyo isirudi tena katika matumizi ya nyumbani. Nalisisitiza hili kwa kuwa nazijua nyumba zetu. Ndoo ya rangi ikishaachwa wazi, jioni utaikuta na maji ya kuogea, kesho yake ina maji ya kunywa.

Kuna vimelea vingine vya kutaja kwa kifupi. Chatu hubeba kupe na utitiri. Katika mapafu ya chatu na moma wa Afrika ya Kati na Magharibi huishi vimelea wanaofanana na minyoo, waitwao amilifa, ambao mayai yao hutoka katika makohozi na kinyesi cha nyoka na kuweza kumwingia mtu. Hasa wanaodhurika ni wanaochinja na kula nyoka, lakini anayemshika bila kunawa naye yumo.

Panya nao

Wafugaji wapya hufikiri hatari iko kwa nyoka tu, wakasahau anachomlisha. Wewe unatega panya wa nyumbani. Panya wa mtaani huenda amekula sumu ya dukani, na sumu hiyo itampata nyoka. Akitiwa ndani akiwa hai na nyoka hana njaa, panya ndiye atakayemtafuna nyoka usiku kucha. Mkojo wa panya nao una maradhi. Mwezi wa Julai 2022, katika mkoa wa Lindi, uliibuka ugonjwa ambao watu waliogopa sana, wagonjwa 20 wakatangazwa na watatu kati yao wakafariki, na vipimo vikaonyesha ni homa ya Mgunda, ambayo huenezwa na mkojo wa wanyama, panya wakiwa ndani. Kwa hiyo mtego wa panya ushikwe kwa mfuko wa plastiki au glovu, na mwenye mchubuko mkononi asiushike kabisa.

Akiuma

Ikiwa ni chatu kweli na akakuuma, usiuvute mkono kwa nguvu, kwani meno yamepinda ndani na utajichana. Mimina maji baridi mdomoni mwake, ataachia. Osha jeraha kwa sabuni na maji mengi, nenda zahanati uulize juu ya sindano ya pepopunda.

Ikiwa si chatu, au hujui, chukulia ni mwenye sumu. Vua pete, saa na bangili kabla uvimbe haujaanza. Kaa chini, kiungo kilichoumwa kifungwe kipande cha ubao kama unavyofunga mfupa uliovunjika, kisitikisike, na ubebwe hadi hospitali. Usichanje wembe, usinyonye, usifunge kamba ya kuzuia damu, usipake mafuta ya taa, na usikae nyumbani ukisubiri jiwe la nyoka linyonye sumu. Jiwe hilo limependwa sana Afrika Mashariki, lakini halitoi sumu iliyokwisha kuingia mwilini, linachukua muda tu. Sumu ikirushwa machoni na swila, osheni kwa maji mengi mfululizo, kisha hospitali. Dawa ya kuvunja sumu haipo katika kila kituo, basi ulizeni mapema, kabla hakujatokea jambo, ni hospitali gani ya karibu inayo. Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeusahau ugonjwa huu, mpaka mwaka 2017 likauweka katika orodha ya maradhi yaliyopuuzwa. Kwa makadirio yake watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka duniani kwa kuumwa na nyoka, wengi wao wakulima na watoto wa vijijini kama vyetu.

Sheria, na amana

Lipo jambo ambalo hukuliuliza. Kwa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori namba 5 ya mwaka 2009, chatu si mali ya aliyemwokota. Kumkamata na kumfuga bila kibali ni kosa. Chatu wote pia wamo katika mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini, hivyo atakayekuja kukuambia ana mteja wa nje, mkimbie. Wapo wanaofuga nyoka nchini kwa kufuata utaratibu, kama ile bustani ya nyoka ya Meserani nje kidogo ya Arusha, ambayo pia imejulikana kwa kutibu wanaoumwa na nyoka. Mwenye mapenzi ya kweli na viumbe hawa aende mahali kama hapo, ajifunze kwa kutazama na kuuliza, na akitaka kuifanya kazi, kuna vyuo vya wanyamapori.

Wapo wasomaji watakaouliza kuhusu nyoka wa nyumbani na majini. Hilo nawaachia masheikh, safu hii inaishia kwenye sabuni. Ila kila aliyepita madrasa anaijua habari ya yule mwanamke aliyemfungia paka, hakumlisha wala hakumwachia ajitafutie. Nilipofika mahali uliposema hajala wiki ya tatu na mfuniko umefungwa, habari hiyo ilinijia.

Sikulaumu kwa kumwomba kwa wavuvi. Wenzako walikuwa wameshika makafi, wewe ukaona kiumbe anayestahili kuishi, na hiyo ni tabia njema. Chatu anakula panya wanaomaliza mahindi na mihogo yetu. Lakini kumwokoa hakukukamilika pale ufukweni. Kesho asubuhi piga simu au nenda ofisi ya afisa wanyamapori wa wilaya, mweleze ulimtoa wapi, upande gani wa matete, na kwamba unataka arudishwe. Wewe Mbinga uko wilaya ya Mbinga, alikotoka ni wilaya ya Nyasa tangu zilipogawanywa mwaka 2012, wao watajua nani amchukue. Mpaka hapo asilishwe, awe na maji, chupa ya moto upande mmoja, mfuniko umebanwa. Asafirishwe mchana jua likiwa limetoka, si kwa gari la alfajiri. Akishaondoka, choma vitambaa vilivyokuwamo, osha sakafu pale ndoo ilipokaa kwa sabuni na klorini, toboa ndoo matundu makubwa chini ili asipatikane wa kuitekea maji, na mtazame mtoto joto lake asubuhi na jioni kwa muda wa wiki mbili.